Nafasi ya Jina Moja Ukutani

Sogeeni karibu, na wewe uliyeegemea mlango, ingia au toka. Mwishoni nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia vizuri.

Huko nyanda za juu, kwenye baridi ya kuuma masikio, kulikuwa na Chuo cha Ualimu Lufumbi. Timu yao ya mpira watu waliiita Chaki, kwa sababu ukiigusa tu inavunjika. Misimu tisa hawakuvuka hata robo fainali. Halafu mwaka mmoja, sasa ni zaidi ya miaka ishirini, wakaanza kushinda. Walishinda nyumbani, wakashinda ugenini, wakashinda hata siku uwanja ulipojaa maji mpaka mpira ukawa unaelea. Kapteni alikuwa Gwakisa, kijana mpole, mpenda watu. Alikuwa na ila moja: hakujua kusema jambo gumu siku yake.

Katika timu hiyo walikuwamo watatu wenye vipaji. Lutengano alikuwa na miguu. Mlima uliowatoa wenzake ulimi, yeye aliupanda huku anapiga mluzi. Sekela, mtunza jezi, alikuwa na macho. Akimtazama mchezaji mara mbili, ya tatu anakwambia atafanya nini. Na golikipa Ambakisye alikuwa na mikono. Mikono hiyohiyo ndiyo iliyoandika mwandiko mzuri kuliko wote chuoni, hata wakufunzi walikataza ubao wake usifutwe.

Basi Chaki wakafika fainali, wacheze Jumapili na chuo cha kilimo. Lakini wanachuo wa ualimu wana jambo lao: ukifika wakati wa mafunzo kwa vitendo hutawanywa kwenda kufundisha. Wachezaji wakawa katika shule saba, kila shule na kilima chake, na simu za mkononi hazijafika huko. Gwakisa na Lutengano walipangwa shule moja. Jumatatu Gwakisa aliletewa barua akiwa darasani. Akaichomeka na bahasha yake, bila kuifungua, kwenye andalio lake la somo, akaendelea kufundisha hesabu za sehemu, akaisahau kabisa. Alhamisi asubuhi akafungua ukurasa ule, barua ikaanguka. Fainali imehamishiwa Ijumaa. Yaani kesho!

"Mweee! Lutengano, tumekwisha!"

"Barua imefika lini?"

"Sasa hivi," Gwakisa akasema. Ulimi ulishatangulia.

Lutengano alimtazama kidogo. "Niandikie majina ya shule. Nitaazima baiskeli ya mwalimu mkuu."

"Na mkufunzi wa tathmini je? Alisema wiki hii."

"Kwa mvua hii? Haji mtu."

Akaondoka. Palipopandika alipanda, palipomshinda akaibeba baiskeli begani. Shule ya saba aliifikia jua linazama, na kesho yake timu nzima ilikuwa uwanjani. Bila miguu ile wangefika wawili tu, na wawili hawachezi fainali.

Lakini Alhamisi ileile mkufunzi alikuja. Saa nne kamili, koti linachuruzika maji, akakuta darasa la Lutengano linaimba bila mwalimu. Akamwita Gwakisa. "Mwenzako yuko wapi?"

Hapo ndipo palipotakiwa neno moja tu. Gwakisa alilitafuta, akaliona, akaogopa. "Sijui, mwalimu," akasema. Siku hiyo Gwakisa alitathminiwa akapata alama nzuri. Lutengano akaandikiwa utoro, akarudia mwaka mzima.

Haya, tufike uwanjani. Beki wa kilimo alijifunga mwenyewe, Chaki wakawa mbele bao moja. Dakika ya mwisho, penalti! Inaelekezwa langoni kwa Chaki, na mpigaji ni Asajile, kaka yake Sekela, tumbo moja. Watu wa timu kubwa ya mjini walikuwa wamekuja kumtazama yeye tu. Sekela alilijua guu lile tangu wakicheza mpira wa matambara nyuma ya jiko la mama yao. Alisimama pale na jezi za akiba mkononi, machozi yanamlengalenga, kisha akazunguka nyuma ya goli.

"Ambakisye," akanong'ona, "akivuta soksi, ni kulia kwako. Usinitazame."

Asajile akavuta soksi. Bila macho yale, golikipa angerukia upande mwingine. Lakini akishapiga, Asajile alimwona dada yake nyuma ya nyavu, na akaelewa. Timu ya mjini haikumchukua. Mpaka leo kwenye misiba ya nyumbani kwao, kaka na dada hukaa mbalimbali.

Tena kujua upande si kudaka, jamani. Shuti lilikuja kali. Ambakisye akaruka kulia, vidole vikabanwa kati ya mpira na mwamba wa goli, vitatu vikavunjika. Mpira ukadunda mbele yake, akaukumbatia na vidole vyake hivyohivyo mpaka filimbi ikalia. Bila mikono ile lilikuwa bao. Vidole vilipona vimepinda. Sasa mwandiko wake ubaoni unapanda na kushuka, na watoto wanacheka.

Lufumbi walikuwa na desturi yao. Chuo kikileta kombe, kapteni hutaja mtu mmoja aliyelileta, na jina lake linaandikwa kwenye ukuta wa bwalo. Jina moja, na kapteni haruhusiwi kujitaja. Jioni ile ya sherehe fundi rangi alishaandika mwaka, anangoja jina.

"Kama si mkono huu!" Ambakisye akainua bandeji.

"Mkono uliokuwa unakwenda kushoto?" Sekela akamchokoza.

"Na mimi nisingewaleta, langoni angesimama nani, mbuzi?" akauliza Lutengano.

Walicheka. Kisha wakaacha kucheka, wakamgeukia Gwakisa. Yeye aliwaza mafiga matatu: ni lipi linalobeba chungu? Moyo ulimvuta kwa Lutengano, lakini akajiuliza, ni haki hii, au nataka kujifuta doa? "Nipeni mpaka kesho," akasema. Kesho ile haikufika. Wakahitimu wengine, mwingine akarudia mwaka, na kila mmoja akaamini kapteni alimpendelea mwenzake kimyakimya. Salamu zikakatika. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo wa Gwakisa alikua mpaka akaota ndevu.

Mwaka huu mkuu wa chuo akawaita wote wanne. Bwalo linapakwa rangi upya. Nafasi isiyo na jina itafutwa Jumamosi saa kumi. Wakaja. Watatu wakaketi benchi tatu tofauti, nywele zimeingia mvi. Gwakisa akasimama mbele ya ukuta, na safari hii akasema. Alisema barua ilifika Jumatatu. Alisema, "Mkufunzi aliponiuliza uko wapi, Lutengano, nilimjibu sijui."

Lutengano akavua kofia.

"Bahasha ilianguka miguuni pangu, kapteni. Ilikuwa na mhuri wa shule: imepokelewa Jumatatu. Nilijua kabla sijapanda baiskeli. La mkufunzi nililisikia baadaye. Miaka yote hii nilikuwa nangoja useme wewe."

Gwakisa alilia, mtu mzima yule, mbele ya fundi.

"Sasa usiniandike kwa kunihurumia," Lutengano akasema. "Wala usiache kuniandika kwa kuogopa utaonekana unanihurumia. Amua."

Sekela akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Ambakisye akavificha vidole vyake mfukoni. Saa ya ukutani ikasoma kumi kasoro dakika tatu.

"Mwalimu," fundi akasema, "rangi inadondoka. Niandike nani?"

Msiniambie wote watatu. Nafasi ni ya jina moja. Msiniambie iachwe wazi. Iliachwa, na mmeona ilivyowafanya. Gwakisa amegeuka, anawatazama ninyi. Haya, semeni: ungekuwa wewe umeshika neno lile, ungetaja jina la nani?