Bi Kanga na Matenga Ishirini ya Taka

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmenyang'anywa uji? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Na ninyi wakubwa mliokaa huko nyuma, sogeeni. Hadithi hii inawahusu ninyi kuliko watoto.

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wanaishi kwa ghorofa, palikuwa na Jabali Refu. Jabali lina mapango, pango juu ya pango, milango ishirini. Juu kabisa anakaa Bi Pimbi, mwenye maringo. Katikati anakaa Ngiri na meno yake. Chini kabisa, kwenye vumbi, anakaa Bi Kanga, mjane, na vifaranga wake sita. Msimamizi wa jabali ni Nyani. Mzoa taka ni Fisi.

Kila siku ya gulio Fisi alikuja na matenga yake akiimba:

"Taka hoo! Taka hoo! Zije nyingi, zije nyingi!"

Kila tenga lilikuwa na malipo yake ya mtama. Matenga yakishahesabiwa, Nyani aligawanya malipo kwa milango yote sawasawa. Aliyetupa kidogo na aliyetupa kingi, wote walilipa mamoja.

Sasa sikilizeni ujinga wa Jabali Refu. Huko ilikuwa aibu jirani kujua umekula nini. Basi kila mmoja alifunga taka zake kwa majani ya mgomba. Jani moja? Thubutu! Manne, matano! Na aliyelala njaa ndiye aliyefunga furushi kubwa kuliko wote. Alilijaza nyasi kavu, likatuna, ili majirani waseme, "Eh, kwa fulani leo kumeliwa!" La Bi Pimbi lilikuwa likiteremshwa na watu wawili. Mnacheka? Chekeni tu. Kwenu hayapo?

Kifurushi cha Bi Kanga kilikuwa kadiri ya yai. Jani moja tu, maana la pili hakuwa nalo.

Siku moja Nyani akashuka mpaka mlango wa chini. Ngo! Ngo! Ngo!

"Bi Kanga, taka zimezidi. Matenga sasa ni ishirini. Kila mlango utoe vibaba vitatu."

"Vitatu! Bwana Nyani, si juzi tu kilikuwa kimoja?"

"Nimesema taka zimezidi."

"Zangu hazizidi yai!"

"Mlango ni mlango. Gulio lijalo usipolipa, utahama."

Akaondoka, mkia juu.

Bi Kanga akachungulia kibuyu chake. Mtama uliomo ni vibaba vitatu. Vitatu kamili, chakula cha watoto sita mpaka mavuno. Akilipa, watoto watakufa njaa. Asipolipa, watalala nje, na nje kuna mwewe. Hasira ikampanda.

"Mimi nizunguke juani, niokote punje moja moja, kisha nilipie taka nisizotupa? Mimi? Haki iko wapi?"

Siku ya gulio ikafika. Matenga ishirini yamepangwa chini ya jabali, yamejaa pomoni. Milango yote imetoka na mtama wake. Bi Kanga akatoka bila mtama. Alitoka na kucha zake.

Akarukia tenga la kwanza. Paru! Paru! Paru! Kanga hafundishwi kupekua. Amezaliwa nako.

"We! We! Wee!" Bi Pimbi akapiga yowe. "Usituvue nguo mbele za watu!"

Bi Kanga akasimama. Akachukua kifurushi chake mwenyewe, akakifungua kwanza.

"Tazameni changu. Makapi. Makapi matupu, na yamechemshwa mara mbili. Wanangu jana wamekunywa uji wa makapi. Mmeona? Nimeona haya, lakini sikufa. Mficha uchi hazai, jamani!"

Ngiri akakohoa. Akasogea, akafungua lake. Jani. Jani. Jani. Nyasi. Ganda moja la muhogo.

"Basi, hilo tu," akasema kwa sauti ndogo. "Na hata hili ganda nalipenda." Akalitafuna. Kwacha, kwacha!

Bi Pimbi naye akafungua, machozi yanamtoka. Jani, jani, nyasi, nyasi... hakuna kitu. Bi Pimbi wa juu kabisa! Hakuwa na taka hata chembe, naye miezi yote analipia kubebewa nyasi.

Hapo wote wakapekua. Maganda akapewa Ngiri. Nyasi zikarudi kuwa matandiko. Majani mazima yakakunjwa, yafunike vyungu. Kilichobaki hakikujaza nusu ya tenga moja. Nusu! Kutoka kumi na tisa, maana la ishirini halijaguswa!

Wote wakafurahi, isipokuwa mmoja.

"Mnaharibu utaratibu!" Nyani alifoka. "Fungeni! Rudisheni kila kitu kwenye matenga!"

Bi Kanga akamtazama. Msimamizi gani huyu, analia taka zikipungua? Tena mbona hainuki? Amekalia tenga la mwisho kama kuku anayeatamia.

"Bwana Nyani, furushi hilo ulilokalia ni la nani?"

"La mtu."

"Mtu yupi?"

"Msilifungue!"

Paru! Jani likachanika. Makapi yakamwagika, shwaaa! Makapi ya mtama, lundo, yakafika magotini. Na Nyani hana shamba. Nyani hajapata kuinama akaokota punje.

"Ni mtama wa nani huu?" Bi Kanga akauliza. "Sema! Wanangu wanakunywa makapi, wewe unatupa makapi. Mtama wa nani?"

Fisi akaanza kucheka, kicheko cha woga. "Hee! Hee! Msinitazame mimi! Nusu ya mtama ninaolipwa ni yake! Yeye ndiye aliyenifundisha kuimba zije nyingi!"

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Ngiri akainamisha meno. Nyani akarudi nyuma, hatua, hatua, mpaka pangoni kwake, na humo vikakutwa vibuyu vimejaa mtama, vya milango yote. Kila mmoja akachukua chake.

Jioni hiyo vifaranga sita walikunywa uji wa mtama mtupu, wakalamba chungu. Bi Kanga akatoka na makapi yake mkononi, wazi, bila jani, akayatia kwenye nusu tenga la Jabali Refu. Tenga moja, na mbebaji wake ni Nyani mpaka leo.

Na kanga hupekua mpaka leo, hata akiwa ameshiba.

Wakubwa, mmesikia? Anayetunisha taka zake ili aonekane ameshiba, hulipia njaa yake mara mbili. Na msimamizi anayechukia taka zikipungua, mpekueni.

Hadithi yangu naitua hapa, wazi hivi hivi, sikuifunga jani.