Panga la Siku ya Kwanza

Tulikuwa tunapukuchua mahindi jikoni kwa bibi, huku kaka akitubishia maana ya neno la Kiingereza alilolikuta kwenye chupa ya dawa ya mimea. Baba alipopita akasema, "Neno geni lipe panga siku ya kwanza," akaenda zake. Tukamgeukia bibi. Naye, bila kuacha kupukuchua, akatuambia kwamba methali hiyo ilizaliwa milimani kwetu, shambani kwa mjane Nakijwa, na kisa chake ni hiki.

Nakijwa aliachiwa mipeasi na marehemu mumewe, na ndiyo iliyowalisha wanawe. Mwaka mmoja matawi yakaanza kukauka. Akaitwa bwana shamba Mzungu aliyekuwa akipita vijijini. Aliizunguka mipeasi, akapapasa magome, kisha akasema neno moja: 'cut'.

Mkalimani alikuwa Senkondo, aliyejifunza Kiingereza peke yake kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa sukari.

"Amesema ikatwe," alisema Mrutu, shemeji yake Nakijwa, shoka likiwa begani. "Hilo hata mimi nalijua."

"Ni kukata kweli," Senkondo akajibu. "Lakini kwao neno hilo hufyeka, hutema, huchanja, hupogoa, hata hunyoa nywele. Tena lina ndugu zake, vijineno vya kulifuata, kila mmoja na kazi yake. Leo kaja huyu peke yake."

"Basi muulize."

Alimwuliza. Mgeni akarudia neno lile lile, polepole, kama anayesema na kiziwi. Watu wakacheka.

"Kiingereza kimekuishia, bwana," Mrutu akasema, akausogelea mti wa kwanza.

Nakijwa akasimama mbele ya shina. "Shemeji, ngoja. Senkondo, tukikosea hapa wanangu watakula nini?"

"Sijui anachotaka, mama. Mpe panga atuonyeshe."

Watu wakaguna. Mgeni ni siku mbili, jembe hupewa ya tatu, na huyu hata maji alikuwa hajanywa. Kumpa chombo cha kazi ni kumwambia kwamba hakukaribishwa. Nakijwa alimtazama mgeni, akaitazama mipeasi. Kisha akaingia ndani, akatoka na panga, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mgeni alilipokea kwa furaha. Shina hakuligusa. Alivuta tawi lililokauka, akalikata kwa mshazari, juu kidogo ya chipukizi, akafuata la pili.

Mrutu akalaza shoka chini. "Kumbe kupogoa," alisema. "Shemeji, huna panga jingine?"

Walipogoa wote hadi jua likazama. Mipeasi ya upande wa juu ikabaki ya kesho, na mgeni akaingizwa ndani kunywa maji yake.

Ndiyo maana wazee wetu, wakimwona mtu anakimbilia kazi kwa neno ambalo hajalijua, humwambia: mgeni mpe jembe siku ya tatu, neno geni lipe panga siku ya kwanza.