Jina la Binti wa Mbonea

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme, ni zamani ya juzi tu, baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, lililia katika milima ya Upare. Baragumu likilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe, wakazoe tope la ndiva, bwawa linalonywesha mashamba ya kijiji kizima.

Nakiete alikuwa mjamzito, kwa hiyo aliketi ukingoni akimenya ndizi za wachimbaji. Alimwona mumewe, Mbonea, akiinua jembe. Hakumwona akilishusha. Mbonea alianguka topeni, na walipomgeuza hakuwa anapumua.

Namsifu ndiye aliyeruka kwanza, mwanamke ambaye kwa jembe hana mpinzani. Muuguzi wa zahanati alikwisha kuwafundisha wanakijiji namna ya kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Akapiga magoti, akabandika viganja katikati ya kifua, akakandamiza.

Wa pili alikuwa Naelijwa. Huyu ndiye aliyekabidhiwa kifaa cha muuguzi, kidogo kama kipande cha sabuni, kinacholia kwa mwendo wa kukandamiza na kuwaka kijani ukipatia, nyekundu ukikosea, naye alikibeba kila msaragambo. Watu walizoea kumtania: "Mama Taa, leo umekuja kulima au kutumulika?" Siku ile hakuna aliyetania. Alikiweka kifuani, chini ya viganja vya Namsifu. Taa ikawaka nyekundu.

"Dada, unakwenda polepole!"

"Nakwenda kama tunavyolima!"

Na kweli, mikono yake ilifuata wimbo wa jembe, maana ndio mwendo iliouzoea. Lakini wimbo wa jembe hutunza nguvu mpaka jioni, na moyo uliosimama hausubiri jioni.

"Fuata mlio wa kifaa!"

"Siusikii! Watu wanalia!"

Ndipo akaja Kaendiwe, mwimbishaji wa kijiji. Alitega sikio kwenye kifaa, akausikia mlio wake, akauchukua wimbo uleule wa jembe akaukimbiza.

"Acheni kulia, itikieni!"

Kijiji kikaitikia, Nakiete naye akaitikia huku machozi yakimtiririka. Mikono ya Namsifu ikaanza kukimbia na wimbo. Naelijwa hakuondoa macho kwenye taa. "Zamisha zaidi! Sasa unamwegemea, achia kifua kiinuke! Hapo hapo!" Taa ikawa ya kijani. Ikirudi nyekundu kwa uchovu wa Namsifu, jirani alimpokea kidogo, kisha yeye akarudi. Hivyo hivyo, mpaka gari la hospitali ya misheni likapanda mlima na mashine ya kushtua moyo, na moyo wa Mbonea ukashika mwendo wake.

Aliporudi nyumbani, Mbonea aliweka nadhiri: mtoto akiwa wa kike, atabeba jina la aliyemrudisha. Akazaliwa wa kike. Siku ya kumtoa mtoto nje, ambapo mama ndiye humtajia jina, wanawake wale watatu wakafika.

"Nakiete, mdogo wangu," alisema Namsifu, "taa haikandamizi mtu, wala wimbo haukandamizi mtu. Ni viganja hivi."

"Viganja hivyo vilikuwa vinalima!" alisema Naelijwa. "Bila macho yangu kwenye taa, ungejuaje kwamba unamwegemea? Nami nilikibeba kifaa hicho mkinicheka."

"Uliiona nyekundu, ukapiga kelele, ikabaki nyekundu," alisema Kaendiwe. "Ilibadilika lini? Nilipoimba."

Mama mkwe wa Nakiete akaguna. "Basi aitwe Taa, tule!"

Wakacheka wote, isipokuwa Nakiete. Jina ni moja, na litakaa nyumbani kwake maisha yote. Akamtazama mtoto aliyelala mikononi mwa Mbonea, kifua kidogo kikipanda na kushuka juu ya kifua kikubwa. Baragumu la kutangaza jina likapigwa. Nakiete akafumbua kinywa.

Nyinyi mliotega masikio, mtajieni jina hilo kabla hajalitamka. Je, kati ya viganja, macho na wimbo, nani alistahili?