Bangili Chini ya Mti Namba Saba

Kaeni mnavyopenda, ila kwa sasa msikae upande wa mtu yeyote. Mwisho nitawauliza jambo, na anayeshika upande mapema hugeuka wakili: anasema tu, hasikii tena.

Huko kusini, kwenye nchi ya mikorosho na ufuta, palikuwa na mwanamke aitwaye Bibi Nantanda, na alikuwa na wajukuu watatu wa kike, watoto wa mabinti zake watatu.

Somoe, wa kwanza, alipewa masikio. Alikuwa amefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu, na akivaa visikilizio vya detekta, ile mashine yenye sahani mwishoni inayolia ikipita juu ya chuma, aliweza kukwambia kama kilicho chini ni msumari, ni kizibo cha soda, au ni kitu cha kumfanya mtu aache kazi.

Binasa, wa pili, alipewa kuijua mizizi. Alichimba ming'oko, vile viazi vya porini, na kwa muo wake, kijiti kigumu kilichochongwa ncha, alifuata mzizi chini kwa chini bila kuuchubua, akautoa mzima kana kwamba umeombwa ukakubali.

Zinabu, wa tatu, alipewa mkono. Alikuwa mfinyanzi. Mkono wake ulipita kwenye shingo ya mtungi wowote, na kitu alichokishika hakikuponyoka. Alipokuwa mtoto mchanga alishika hereni ya mgeni, na ikabidi mgeni alale.

Sasa sikieni shida yao. Katika ukoo ule bonde la mpunga ni la wanawake, na anayevaa bangili ya shaba ndiye anayegawa majaruba. Akifiwa na mume, huivua, huifukia, na juu yake huchomeka kijiti ili asipasahau. Eda ikiisha, huifukua. Bibi Nantanda alipofiwa alifanya hivyo hivyo, ila kijiti alichokichomeka kilikuwa cha mkuyu mbichi, na kabla eda haijaisha ikaja amri ya watu wote kuhamia vijiji vipya. Aliporuhusiwa kurudi, miaka ilikuwa imepita na kijiti kilikuwa na kivuli.

Akaendelea kugawa majaruba kwa mkono mtupu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Lakini sasa alikuwa amechoka, na wajomba wa ukoo, ndugu zake wa kiume, wakasema wazi: "Bila bangili tulikuvumilia wewe, dada. Baada yako, hakuna bangili, hakuna mvaaji. Mvua za kwanza zikianguka hivyo, bonde tunalikodisha kwa mfanyabiashara wa ufuta."

Bibi akawaita wajukuu wake. "Atakayeitoa ardhini," akasema, "ndiye atakayeivaa."

Jambo dogo, mtasema. Chukua jembe, chimba. Lakini ofisi ya kijiji ilikuwa imeshaupata ule mkuyu. Ulizungushiwa uzio, ukapigiliwa kibao: MTI NAMBA SABA, WA TANGU ENZI ZA KALE, MARUFUKU KUKATA TAWI WALA MZIZI BILA KIBALI. Bibi Nantanda, aliyeuzidi umri mti huo kwa mume mmoja na watoto watatu, alikisoma kibao kile kila akipita, akaenda zake.

Somoe alianza. Detekta haikuwa yake. Ili aipate alimwachia mwenzake nafasi yake kwenye duara, lile shimo la dhahabu alilolichimba tangu juu, na nafasi ya duara ukiiacha hairudi. Akavuka uzio, akapita chini ya mkuyu akisikiliza. Siku ya kuzindua uzio viongozi walikuwa wamekunywa soda pale kwa niaba ya wananchi, kwa hiyo ardhi nzima ilikuwa inalia vizibo. Somoe akavipita kimoja kimoja, mpaka akasimama kati ya mizizi miwili mikubwa. "Hapa," akasema. "Hii inalia kwa heshima."

Binasa akafuata. Alikisoma kibao mara mbili, akaona kwamba kinalinda tawi na mzizi lakini udongo hakikuutaja. Akalala kifudifudi na muo wake, akautoa udongo katikati ya mizizi iliyosukana kama ukili, punje kwa punje, bila kukata hata unywele mmoja wa mkuyu, mpaka akapata kitundu cha kupita mkono. Kisha muo ukapenya na kugusa hewa tupu. Kokoto ikaanguka, na hawakusikia ilipotua. "Chini pana shimo la panya buku," akasema Binasa. "Bangili imening'inia juu yake."

Zinabu akaingiza mkono mpaka begani. Somoe akamwelekeza kwa mlio: "Kushoto. Rudi. Chini kidogo." Zinabu akaishika. Wakati huo huo kijizizi kilichokuwa kimeishikilia kikakatika.

"Ninayo," akasema.

"Itoe basi!"

"Haitoki. Ngumi haipiti. Na nikifungua vidole, imekwenda kwa panya."

Walivuta. Wakamwaga maji. Wakamwaga mafuta ya ufuta. Udongo ulioloa ukajikaza, na mzizi wa juu ukazidi kuizuia ngumi. Jua likapanda. Zinabu alikuwa amelaza shavu chini, anaona visigino vya watu waliokuja kutazama, na kila mwenye visigino alikuwa na ushauri. Alijaribu kugeuza bega, likakataa. Pumzi yake ikarusha vumbi, vumbi likarudi puani.

"Dada Binasa," akasema polepole, "nahisi kama mti unanivuta."

"Mti hauna haja nawe. Tulia."

Akaitwa mtendaji wa kijiji, Bwana Chilumba, mtu mwema. Alikuja na fomu, mhuri na uso wa huruma.

"Mwombaji ni nani?"

"Huyo aliyelala," akasema Binasa. "Tunaomba kukata mzizi mmoja tu. Huu hapa."

"Aje ofisini asaini."

"Angeweza kuja, Bwana Mtendaji, tusingeomba."

Bwana Chilumba akalitafakari hilo, akaliona lina mantiki, akachuchumaa kumfuata mwombaji alipo. "Basi dole gumba. La kulia."

"Liko chini," akasema Zinabu. "Limeshika bangili."

"Wekeni la kushoto," akasema Somoe.

"La kushoto ni la shahidi."

Visigino vikasogea karibu kusikia.

"Binti yangu," akasema Bwana Chilumba kwa upole, "kwa nini usiachie? Ukiachia, mkono unatoka, unaweka dole, unapata kibali, mnakata mzizi."

"Na bangili?"

Akageuza fomu, akatazama nyuma. "Bangili haina sehemu yake humu."

Hapo Zinabu akashtuka mwili mzima. "Kuna kitu kinanifinya huku chini. Vingi. Vinapanda."

Binasa akaweka sikio kwenye kitundu, akainuka haraka. "Siafu! Tumevunja njia yao. Mwenzangu, achia!"

"Siachii."

"Zinabu, watakula nyama mpaka mfupa! Achia, bonde liende!"

"Likienda tutakula nini, vizibo?" Machozi yalimtoka. "Kama unanihurumia, fanya kitu. Usinifungue vidole kwa maneno."

Binasa akamtazama Bwana Chilumba. Bwana Chilumba akatazama kibao. Binasa akachukua panga la jirani, akapapasa mzizi mpaka akapata mahali ambapo ukikatwa utaachia mkono, akakata.

Mkono ukatoka mweusi kwa siafu, umevimba, umefumbwa.

Bwana Chilumba aliwapangusa siafu kwa fomu yake mwenyewe, kisha akatimiza wajibu wake. Baraza la kijiji likampa Binasa adhabu: atamwagilia miche yote ya barabarani kiangazi chote, pamoja na ile iliyokwisha kufa, kwa kuwa kwenye orodha bado ipo.

Sasa wako ndani, kwa Bibi. Radi inasikika upande wa bondeni. Wajomba wamekaa barazani na hawazungumzi, ili wasikie vizuri. Vidole vya Zinabu bado havijafunguka. Mganga wa zahanati amesema vinaweza kurudi kwenye udongo wa kufinyanga, vinaweza visirudi.

"Bila masikio yangu mngekuwa bado mnafukua vizibo," anasema Somoe. "Na duara langu limekwenda. Sina pa kurudi."

"Bila muo wangu ungeisikiliza mpaka leo, kama redio," anajibu Binasa. "Na bila panga, huyu angekuwa bado pale, tunampelekea uji. Nani aliyehukumiwa hapa?"

"Mimi sijasema kitu," anasema Zinabu.

"Hujasema kwa sababu unayo!"

"Ninayo kweli, dada. Lakini vidole si vyangu tena. Ningeweza kuiweka mkekani, ningeiweka, tuzungumze kama watu."

Mjomba mmoja anakohoa nje. "Mvua inakuja," anasema, kama mtu anayetoa habari za kawaida. "Mkishindwa kuafikiana, tuko hapa."

Bibi Nantanda amechovya kitambaa kwenye maji ya moto, anakanda kidole kimoja kimoja. "Nilisema atakayeitoa," anasema. "Mimi niliifukia peke yangu. Sikujua kwamba kuitoa kunataka watu watatu." Kidole cha kwanza kimelegea. Cha pili kinatetemeka.

Hapo ndipo nawaachia. Bangili ni moja, haikatiki, na wajomba wanahesabu matone. Ngumi ikifunguka, shaba itataka mkono wa kuingia. Haya, sasa shikeni upande: ingekuwa wewe ndiye Bibi, ungemvisha nani?