Fisi Alipopata Mama Mkwe

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mafiga yao na milango ya kupigiwa hodi, aliishi Pimbi mmoja mjane, jina lake Bi Mashavu. Pimbi mnamjua? Yule mdogo wa kwenye mawe ya mlimani, asiye na hata mkia. Basi ndiye. Alikuwa na watoto watatu, wote wa kiume, lishikeni hilo, na chungu alichorithi kwa bibi yake. Ukitia humo konzi moja ya kunde, chungu kinachemka chenyewe bila moto, toko toko toko, kinajaa mpaka ukingoni. Lakini mara moja tu kwa siku.

Fisi akaipata harufu. "Hodi," akasema, na kabla hajaitikiwa keshakaa jikoni. Kapu, kapu, kapu, akaramba mpaka chini.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akijipangusa mdomo.

Siku ya tatu Bi Mashavu akampa jembe, kama ilivyo desturi. Fisi akavunja kijiti cha mpini, akachokonolea meno. Wiki ikaisha hivyo. Chande, mtoto wa mwisho, akawa hawezi tena kupanda jiwe la mlangoni. Mama yake alilia siku hiyo, siwafichi. Kisha akafuta machozi, akawaza. Huyu kwa nguvu simwezi. Anakula hapa kwa sababu ni mgeni. Je, akiwa si mgeni?

Kesho yake akampokea kwa upole. "Bwana Fisi, mtu mzima kama wewe huna mke?"

Masikio ya Fisi yakalala. "Nimeposa kote. Wanasema nanuka."

"Ya watu hayo. Mimi nitakuoza binti yangu. Ila uniite mkwe mbele ya majirani."

Fisi akaona mke, na chungu juu yake. Hakuuliza la pili.

Akaitwa Bi Tembo, msimamizi wa desturi pale mlimani, na majirani wakajaa uani. Fisi akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama mkwe."

"Marahaba, mwanangu." Papo hapo Bi Mashavu akajifunika kanga uso mzima, akampa mgongo.

"Haya, tumemaliza," Fisi akasema, akaingia jikoni, akanyoosha mkono chunguni.

Bi Tembo akakanyaga chini, ndi! "We Fisi, huna haya? Mkwe anaingia jikoni kwa mama mkwe wake, umeona wapi? Mkwe hali mbele yake. Hamtazami usoni. Wakikutana njiani, anaingia porini ampishe. Asiyejua adabu hiyo haalikwi matanga yoyote."

Fisi akanywea. Matanga ndiyo yaliyokuwa yakimlisha mwaka mzima. "Mpaka lini?"

"Mpaka siku ya harusi. Na neno lililosemwa mbele ya watu halirudi."

"Basi harusi iwe leo. Mchumba wangu yuko wapi?"

Sauti ikatoka ndani ya kanga. "Sijamzaa bado, baba."

Majirani wakaangua kicheko. Fisi akawatazama wale watoto watatu mmoja mmoja, kana kwamba ndiyo kwanza anawaona.

"Na baba yake ni nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Marehemu," akajibu Bi Mashavu.

Fisi akatoka kinyumenyume asimtazame mkwewe. Siku hiyo kunde zililiwa na wenyewe. Chande alishiba, akasinzia mkono ukiwa bado bakulini, na mama yake hakumwamsha.

Tangu hapo Fisi akisikia vijiguu vya pimbi anaacha njia, anaingia kichakani na kichwa chini. Anaingoja harusi yake.

Nanyi mkipewa jina la heshima, ulizeni kwanza linawakataza nini.