Nyongeza ya Watatu, Bahasha Moja

Sogeeni. Anayeogopa kuamua aondoke sasa hivi, maana hadithi hii sitaimaliza mimi.

Palikuwa na mafundi watatu katika karakana ya sare za shule, Morogoro. Mshahara wao ulikuwa sawa, na kwa miaka minne haukuguswa.

Asumini, mkataji, alijua siku. Wenzake walipotaka kumwona tajiri wao, Bwana Kondo, mwezi wa tisa, aliwazuia. "Ngojeni kwanza nikate. Kitambaa kikiwa jora, kinarudi dukani. Kikishakuwa kola na mikono, kitarudi wapi? Siku hiyo ndiyo yetu."

Chiku, mshona vifungo, alijua kiwango. Jumamosi tatu alizunguka karakana za watu akijifanya anatafuta kazi, akarudi visigino vimepasuka. "Kila mahali wanatuzidi kwa robo ya mshahara. Tukitaja chini ya hapo sisi wajinga, tukitaja juu atatucheka."

Mwanaidi, wa cherehani, alijua kunyamaza. Msidharau. Watu wengi wakitaja bei hujieleza, hujitetea, mwisho hujipunguzia wenyewe. Yeye hutaja, akafunga mdomo, akakutazama mpaka uone haya. Wauza nyanya sokoni walimkimbia.

Sasa, Bwana Kondo alikuwa na sheria yake: ofisini anaingia mtu mmoja. Wawili, alisema, ni maandamano. Basi wakamtuma Mwanaidi.

"Useme 'sisi'," Chiku alimkumbusha.

"Shoga, nitasema nini kingine?"

Mwezi wa kumi na moja, siku vipande vilipojaa meza zote, aliingia. "Bwana Kondo, tunaomba nyongeza ya robo. Wenzetu ndivyo wanavyolipwa." Akanyamaza. Bwana Kondo akaitazama kalenda, akautazama mlima wa kola mlangoni, akaguna. Mwanaidi kimya.

"Haya. Nakupa."

Mwanaidi akageukia mlango awape wenzake habari.

"Wewe. Hao wengine tutaongea shule zikishafunguliwa."

Mwanaidi alijua maana yake. Shule zikifunguliwa, sare zimeshauzwa, nani atawasikiliza? Hapo lilitakiwa neno moja tu, lile aliloagizwa. Lakini aliyejua kunyamaza akanyamaza. Kisha akasema, "Ahsante."

Nje wenzake walimngoja. "Amesemaje?"

"Anafikiria."

Wakarudi kushona. Wakashona mpaka meza zikabaki tupu. Mchana walikula sinia moja kama kawaida, na Chiku alimwekea Mwanaidi kichwa cha samaki, maana alijua anakipenda. Kila siku alikisukuma pembeni. "Unaumwa?" "Hapana." Ugonjwa gani, zaidi ya kulishwa na mwenzako uliyemsaliti?

Mwisho wa mwezi wa kwanza alishindwa kuficha. Akaiweka bahasha yake ya mshahara katikati ya sinia, akaeleza yote.

Asumini hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza zaidi. "Ungetuambia siku ile, sote tungeweka kazi chini, na vipande vilikuwa bado mezani. Siku yangu umeila, Mwanaidi. Mpaka nikate tena ni mwezi wa kumi na moja."

"Na hiyo robo ni visigino vyangu!" Chiku akadakia. "Bila mimi ungemtajia nini? Majina ya wajomba zako?"

"Na mngemtuma nani?" Mwanaidi aliuliza, sauti chini. "Wewe Chiku ungejipunguzia kabla hujafika mlangoni."

Ilikuwa kweli. Na Mwanaidi, aliyeisema kweli hiyo, hakupata nafuu hata ya punje. Akaisogeza bahasha mbele. Hakuna aliyeigusa. Samaki akapoa.

Sasa ninyi. Asiyejua siku angefukuzwa. Asiyejua kiwango angechekwa. Asiyejua kunyamaza angetoka mikono mitupu. Nyongeza hii ni ya nani? Mwanaidi airudishe kwa Bwana Kondo afurahi? Aile peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyesimama pale?

Naona wewe wa nyuma umeshainua mkono, unataka kusema "wagawane". Haya, wagawane, hata mimi hesabu hiyo naijua. Ila kabla hujaketi nijibu na hili: bahasha inagawanyika kwa watatu. Lile neno "anafikiria" utaligawaje?