Barabara ya Simba Yapita Kinamasini

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na nyumba, mashamba na majirani wa kugombana nao, waliishi Digidigi na mkewe katika bonde la vichaka vya miiba. Majirani zao walikuwa Kanga, Nungunungu na Fuko. Walilima mtama, na walipita kwenye vijia vyembamba vinavyowatosha wadogo tu.

Ng'ambo ya kilima alikaa Simba. Mwaka mmoja aliwatuma askari wake, Nyati, wakachukue mtama wa bondeni kwa nguvu. Weee! Pembe zikanasa miibani huku, mikia ikanasa kule. Wakarudi mikono mitupu, wanalamba majeraha.

Mwaka uliofuata Simba hakutuma askari. Alimtuma Kifaru, msimamizi wake, na maneno matamu.

"Ndugu zangu," alisema Kifaru, "mfalme anawahurumia. Anataka kuwajengea barabara. Mtapeleka mtama sokoni. Mgonjwa atafika kwa mganga kabla hajazidiwa."

"Lo! Mfalme mwema huyo!" alisema Kanga, akapiga vigelegele.

Kumbe wa kujenga ni wao wenyewe! Kila alfajiri Kifaru anapuliza baragumu, puuu! Wanatoka na majembe. Chwa! Chwa! Vichaka vinafyekwa. Jioni Digidigi anarudi kwato zimepasuka, hata kula hawezi, mkewe anamlisha.

Barabara ilipofika mlangoni kwa Kanga, waliopita juu yake si wagonjwa. Ni Nyati! Ghala likakombwa. Watoto wa Kanga wakaswagwa kwenda kuvunja mawe kwa Simba.

Kanga alilia mpaka sauti ikakauka. "Nilipiga vigelegele," alisema. "Mimi mwenyewe!"

Bi Digidigi akamkumbatia. "Hukuwa peke yako, dada. Sote tulifurahi."

Nyumbani, mumewe akamwambia, "Mke wangu, tuhame."

"Tuhamie wapi, na mtama unaiva? Na watoto wa Kanga tumwachie nani? Hebu niende kwa Kifaru."

Barabara sasa ilikuwa imefika ukingoni mwa kinamasi kikubwa, na Kifaru alikuwa amepanga kukizunguka. Bi Digidigi akamkuta kivulini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Sema haraka, kadudu."

"Nimekuja kwa uchungu tu. Majirani wanakucheka. Wanasema, barabara ya mfalme gani hii inayopinda kama njia ya mlevi? Wanasema Kifaru haoni mbele."

"Nani haoni? Mimi?" Kifaru akakoroma. Kweli hakuona vizuri, na hakutaka mtu ajue. "Lakini si niliambiwa hapo mbele ni kinamasi?"

"Nyasi tu, bwana. Tazama!"

Bi Digidigi akaruka juu ya mafunjo yaliyosongamana majini. Tipu, tipu, tipu! Akaenda, akarudi, kwato kavu.

Kifaru akasikiliza zile hatua, akatikisa pembe. "Nyoosheni barabara! Ipite hapo hapo!"

Wakatandika matete, wakamwaga udongo, wakaukanyaga kwa vijiguu vyao mpaka ukawa laini kama sakafu. Nungunungu alitaka kucheka, Fuko akamfinya.

Siku ya kufungua barabara, Simba akaja mwenyewe. Ngoma ndi! ndi! ndi! Kifaru mbele, Simba kati, Nyati nyuma.

Walipofika katikati, chubwi! Kifaru akazama hadi shingoni. Chubwi! Simba naye. Nyati wa mbele wakafuata, pu! pu! pu!

"Nani aliyepitisha barabara hapa?" Simba akanguruma, matope mdomoni.

Kifaru akageuza uso. Angesemaje, kwamba alishauriwa na Bi Digidigi?

"Tuopoeni!" Simba akalia.

Bi Digidigi akasimama juu ya tete. "Tutawaopoa, mfalme. Hatupendi mtu afe matopeni. Lakini kwanza watoto wa Kanga."

"Thubutu!"

"Basi kaa."

Matope yakafika kidevuni. Simba akawapigia kelele Nyati wa nyuma, waliokuwa bado nchi kavu: "Wafungulieni! Mbio!"

Watoto wakaja, wamekonda, wamejaa vumbi la mawe. Kanga akawakimbilia. Aliwagusagusa mmoja mmoja, kama anayehakikisha wako hai.

Ndipo wanabonde wakawatupia magogo. Simba na watu wake wakatoka, wamelowa, wanatetemeka, wakarudi kwao bila hata kuaga.

Jua halijatua, Digidigi alikuwa ameshashika jembe. Safari hii hakuna aliyepuliza baragumu. Wakapanda miiba juu ya barabara yote, kuanzia kilimani, kupita mlangoni kwa Kanga, hadi kinamasini.

Basi wanangu, anayekuja kukujengea njia, muulize kwanza ni nani atakayepita humo.